Ushahidi Ulitoka kwa Mama Zetu. Plastiki Iko Wapi?

Vijana wenzangu wa Kibera na Kawangware.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza jirani yangu kujifungua katika kituo kimoja cha mtaani. Mtoto alitoka salama. Halafu damu ikaanza. Nesi akawa anapangusa, anabadilisha shuka, anasema, "Bado ni kawaida." Baadaye tukawa mbioni kutafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Alipona, alhamdulillah. Lakini simlaumu yule nesi. Alikuwa anakisia kwa macho kwa sababu hakuwa amepewa kipimo.

Sasa sikizeni. Kipimo kipo, na kimejaribiwa hapa kwetu. Utafiti wa E-MOTIVE ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa zaidi ya akina mama 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na kati ya waandishi wake yuko Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Matokeo yalitoka Mei 2023.

Kitu chenyewe ni plastiki ya kutandikwa chini ya mama, yenye mfuko unaokusanya damu na mistari ya mililita. Damu ikifika mstari wa 500, hakuna kungoja. Nesi anakanda mji wa mimba, anatoa dawa za kuukaza na za kusaidia damu igande, anaweka dripu, anakagua damu inatoka wapi, anaita msaada. Yote kwa pamoja, si moja moja huku mama anaisha.

Hospitali zilizoendelea na mazoea ya kawaida ziligundua karibu nusu tu ya waliovuja damu kupita kiasi. Zilizotumia mpango huu ziligundua asilimia 93. Visa vibaya kabisa, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kupasuliwa ili kuzuia damu, au kufa, vilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Mitaa yetu imezoea watu wa utafiti. Wanakuja na fomu, tunajibu, wanaenda. Mimi sipingi utafiti. Huu umeokoa watu. Ninachopinga ni miili ya mama zetu kutoa ushahidi halafu faida iishie kwenye majarida. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya huduma bora ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Hiyo si sadaka ya kaunti.

Kuna atakayesema plastiki pekee haitoshi. Ni kweli. Bila dawa, na bila nesi aliyefunzwa, ni mfuko tu. Ndiyo maana tudai vyote vitatu.

Basi wiki hii, wawili wawili, nendeni kituo kilicho karibu nanyi, iwe Makina, Gatina au 46. Ulizeni kwa heshima: Damu ya mama mnaipima na nini? Dawa ziko, na za kuwekwa baridi zinakaa wapi stima ikipotea? Nani amefunzwa, na usiku yuko?

Andikeni majibu, tuyapeleke kwa MCA na kamati ya afya ya kaunti. Manesi si maadui zetu. Wengi wao wanangoja tu mtu wa kuuliza pamoja nao.