Mwenye Neno Atajwe

Ndugu zangu wanafunzi wa vyuo vikuu, leo nina neno nanyi. Lipokeeni kama linavyotoka kwa mzazi.

Kila mwaka mnakuja kwetu Buguruni, Dar es Salaam. Mnapita Malapa, mnafika hadi Kwa Mnyamani, mnawauliza wazee habari za mafuriko ya Bonde la Msimbazi, za viwanja na za siku za chama cha TANU. Wazee wanawapa viti, wanaacha biashara zao, wanawasimulia mpaka adhana ya alasiri. Tasnifu ikitoka tunasoma nini? "Baadhi ya wakazi walisema." "Mtoa taarifa mmoja alieleza." Mkazi gani? Wa mtaa upi? Alisema lini? Kitabu mlichokifungua kurasa mbili tu mmekitajia mwandishi, mwaka na mchapishaji, lakini bibi aliyewapa mchana mzima wa uhai wake hana hata herufi moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sisi ni watu wa dini, na dini imetufundisha jambo hili zamani. Muislamu anajua kuwa hadithi ya Mtume haipokelewi bila isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi wake. Imamu Bukhari na wanazuoni wenzake walimchunguza kila mpokezi: ni nani, alikutana na nani, ni mkweli au si mkweli. Mkristo naye akifungua Injili ya Luka, mstari wa pili tu unamweleza kwamba habari zile zilitoka kwa walioshuhudia kwa macho yao. Ikiwa maneno matukufu yalibebwa kwa uangalifu huo, nani amewaruhusu ninyi kuandika ya Msimbazi bila mpokezi?

Wala msiseme kuwa kwetu hakuna mfano. Mwaka 1968 na 1969 Idara ya Historia ya chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kabla ya hapo habari nyingi zilizoandikwa za vita vile zilikuwa za Wajerumani na wamisionari. Wanafunzi wale, vijana kama ninyi, waliwapa wazee nafasi yao katika historia, na leo mtafiti anarejea maandishi yao. Mwanahistoria Mama Susan Geiger naye alimhoji Bibi Titi Mohamed na akina mama wenzake wa TANU, akawataja kwa majina katika kitabu chake cha mwaka 1997. Kwa mahojiano yale dunia ya wasomi ilikiri kwamba wanawake wa Dar es Salaam, wengi wao wenye elimu ndogo ya shule, waliijenga TANU kwa mikono yao. Angeandika "baadhi ya wanawake walisema", nani angemwamini?

Najua udhuru wenu. Mtasema mtindo wa APA wa kutaja vyanzo hauyaweki mahojiano binafsi katika orodha ya marejeo. Ni kweli, lakini kwa mawasiliano binafsi mtindo huohuo unataka jina na tarehe vitajwe ndani ya maandishi. Mtindo wa MLA huyaweka kwenye orodha, chini ya jina la aliyehojiwa. Mtasema pia kuna siri. Naam, anayeeleza maradhi yake, au mama anayehofia kipigo cha mumewe, afichwe jina. Hiyo ni amana, na amana haivunjwi. Hata hivyo mpeni jina la bandia, semeni kwamba ni la bandia, tajeni tarehe ya mazungumzo. Lakini mzee anayetaka jina lake liandikwe, mnamficha kwa sababu gani? Muulizeni kwanza, mfuateni alivyosema, kisha kanda na daftari mvitunze. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na hapa siwezi kunyamaza juu ya jambo la pili. Wapo wanaolipa watu wa steshenari wawaandikie tasnifu nzima. Mahojiano yanatungwa mezani, wazee wanabuniwa, na mitaa ambayo mwanafunzi hajaikanyaga inatajwa kana kwamba amezaliwa humo. Huo ni uongo wenye muhuri wa chuo. Atakayepewa cheo kwa shahada hiyo ataendesha ofisi ya umma kwa uongo uleule. Walimu wanaosahihisha bila kuomba kusikiliza kanda nao wana sehemu yao katika dhambi hii.

Sisemi haya kwa kuwachukia. Ninyi ndio akili ya taifa, wazazi wamejinyima ili msome, na wengi wenu mna adabu na bidii. Basi mkija tena Buguruni, ulizeni kwa heshima, andikeni jina, umri, mahali na tarehe, na kazi ikiisha leteni nakala moja ofisi ya serikali ya mtaa, ili aliyesema asomewe alichosema akiwa hai.