Kodi ya miezi sita Dodoma: kwa nini mpangaji hulipa kabla hajalala

Mzazi wa Mtera ambaye mtoto wake amepata chuo au kazi Dodoma mjini huanza kwa kutafuta nauli, na nauli hupatikana. Ni kilomita zipatazo 120 kwa basi. Kinachomkalisha macho usiku ni chumba, kwa sababu mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na wengine wanataka ya mwaka.

Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Ukitajiwa bei hiyo kwenye simu unaona inabebeka. Lakini siku ya kukabidhiwa funguo utatoa 360,000 za miezi sita, na dalali naye kwa desturi anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hapo ni 420,000, kabla ya godoro na ndoo. Kuna madalali wanaodai pia fedha ya kukuzungusha kuonyeshwa vyumba, upate usipate.

Uhitaji wa vyumba umekua haraka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ukatekelezwa kwa mwendo wa kinyonga kwa zaidi ya miaka 40. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahama kweli, na mwaka huo huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Ongeza wanafunzi wa UDOM wasiopata bweni, ambao vyuo vinapofungua hugombea vyumba vya Ng'ong'ona na mitaa ya jirani na watumishi, mafundi na wauza duka.

Hata hivyo, wingi wa watu unaeleza bei kupanda tu. Hauelezi kwa nini mtu alipie miezi ambayo hajaishi. Kwa maoni yetu, kodi ya miezi sita ni dhamana iliyovaa nguo ya kodi. Katika miji mingi ya Marekani mwenye nyumba hukagua kwanza kumbukumbu za madeni yako na karatasi ya mshahara, kisha anachukua kodi ya mwezi wa kwanza na amana. Nairobi nako kwa kawaida ni mwezi mmoja na amana, kisha unaendelea mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba wa Nkuhungu hana pa kukukagulia. Hajui ukoo wenu wala ng'ombe wenu, na anajua kwamba kumtoa asiyelipa kunaweza kumzungusha barazani kwa miezi. Basi anachukua chake mapema. Pia wengi wao hujenga kidogo kidogo bila mkopo wa benki: kodi yako ya leo ndiyo saruji na bati za chumba cha pili. Fedha za mwezi mmoja mmoja haziezeki nyumba.

Tunamwelewa, lakini mzigo wote wa kutoaminiana umewekwa kichwani kwa mtu mmoja. Zamani Tanzania ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, yenye mabaraza ya kusikiliza mashauri ya wapangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Suala la kuzuia kodi ya miezi mingi kwa mkupuo limezungumzwa bungeni zaidi ya mara moja tangu hapo, na vyumba bado vinalipiwa kwa miezi sita.

Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999, na si haba. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa, na nyumba ya kuishi inapaswa kuwa katika hali ya kukalika. Mkataba usipotaja muda wa kukaa wala wa notisi, unahesabiwa kuwa wa kipindi kwa kipindi, kwa kufuata kipindi ambacho kodi inalipiwa, na notisi haiwi fupi kuliko kipindi hicho. Mgogoro ukishindikana kwa mwenyekiti wa mtaa, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina mamlaka ya kuusikiliza. Ila barazani utaulizwa karatasi. Mkataba uandikwe, hata kwa mkono, utaje tarehe ya kuingia na ya kutoka, na fedha ziende kwa jina la mwenye nyumba mwenyewe, siyo la dalali. Ujumbe wa muamala usiufute. Na kabla ya kutuma chochote, mtoto apite kwa mwenyekiti wa mtaa aulize nyumba ile ni ya nani, maana chumba kimoja kimewahi kulipiwa na watu watatu.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, ikawa 1,500 mwaka 2023. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Ongeeni kabla ya kusaini ili ifidiwe kwenye pango.

Kinachotuumiza zaidi sisi wa huku ni kalenda. Anayelipa Oktoba analipa tena Aprili. Oktoba pengine bado kuna alizeti ya kuuza. Aprili mtama bado uko shambani, ghala limebaki vumbi, na mbuzi anauzwa kwa bei ya mwenye shida. Wapo wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu mitatu wakiombwa mapema, hasa vyumba vya mbali na barabara ambavyo vimekaa vitupu. Ukipata wa namna hiyo, mwombe tarehe ya malipo makubwa iangukie Julai, baada ya mavuno, na iandikwe kwenye mkataba.