Rangi ya Mzinga: Usinunue Mng'ao, Nunua Kinga



Kiangazi hiki mafundi seremala wana kazi nyingi za mizinga ya mbao, na swali ninalokutana nalo vijijini ni lile lile: nipake rangi gani ya bei nafuu? Vijana wengi wa vikundi wanapenda rangi ya kopo la kupuliza, ile ya mafundi wa magari na pikipiki. Haitaki brashi, inakauka haraka na inang'aa. Maoni yangu ni kwamba kwa mzinga, kopo hilo ni rangi ghali, hata kama bei yake dukani inaonekana ndogo.

Tupige hesabu. Mzinga wa kawaida wa sanduku, kuta za nje pamoja na mfuniko, una karibu mita ya mraba moja na nusu. Ukipaka mikono miwili unahitaji rangi ya mita tatu. Kopo la mililita 400 hufunika takriban mita moja na nusu tu, kwa hiyo mzinga mmoja unakula makopo mawili. Sasa chukua galoni ya lita 4 ya rangi ya maji ya kuta za nje. Lita moja hufunika karibu mita 10 kwa mkono mmoja. Hata ukitoa kiasi kinachonywewa na mbao isiyopigwa randa vizuri, galoni hiyo inamaliza mizinga 10. Nenda dukani, uliza bei ya makopo 20 na bei ya galoni moja, kisha amua mwenyewe.

Lakini hasara kubwa ni mzinga kukaa mtupu. Nyuki hunusa kuliko sisi. Rangi ya kupuliza ina vimumunyisho vikali, na ikipulizwa ovyo huingia kwenye mlango na ndani ya sanduku. Kundi linalotafuta makazi linataka harufu ya nta, halitaki harufu ya gereji. Nimeona mizinga mizuri kwa macho imetundikwa msimu mzima bila nyuki, na majirani wakasema eneo hilo halina bahati. Bahati haihusiki hapo.

Wazee wetu hawakupaka chochote. Nta ya Unyamwezi ilikuwa ikipelekwa pwani kwa njia ya misafara hata kabla ya Reli ya Kati kufika Tabora mwaka 1912, nayo ilitoka kwenye mizinga ya magogo na magome. Gogo lina ukuta mnene, linavumilia jua na mvua. Gome nalo linaua mti: ukiuvua myombo gome lake pande zote, unakauka. Ndiyo maana tunahimiza mbao. Ila ubao ni mwembamba, kwa hiyo unahitaji kinga, na hapo ndipo rangi ina kazi.

Ushauri wangu ni huu:

1. Angalia mbao kwanza. Mninga unajitegemea, unaweza kuuacha bila rangi. Mbao za paini zinazotoka Mafinga hunywa maji na kuoza haraka, hizo lazima zikingwe.

2. Paka nje tu. Ndani, kwenye viunzi na mlangoni usiguse. Nyuki wenyewe hupaka ndani kwa gundi yao.

3. Chagua rangi ya maji, nyeupe au ya maziwa. Rangi nyeusi hunyonya joto, na Oktoba ya Tabora unaijua. Nyuki hulea watoto kwenye nyuzi joto 34 hadi 36. Mzinga ukichemka, wanaacha kutafuta chakula na kushinda wakibeba maji ya kuupoza, na masega hulegea.

4. Soma kopo. Nunua rangi iliyoandikwa kuwa haina madini ya risasi na yenye alama ya TBS. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa kila milioni. Rangi ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na lebo, iache.

5. Paka wakati wa kiangazi, mbao ikiwa kavu. Uache mzinga kivulini penye hewa wiki mbili au zaidi. Ukiweka pua mlangoni na bado unasikia rangi, usiutundike. Ukishakauka, sugua nta ndani ili kuvuta nyuki.

6. Oili chafu ya injini usipake kamwe. Kwa siafu na sungusungu, paka grisi kwenye waya wa kutundikia tu. Na vipande vya mbao zenye rangi usivitie kwenye bomba la moshi.

Asiye na fedha ya galoni anaweza kuyeyusha sehemu 1 ya nta yake kwenye sehemu 20 za mafuta ya linsidi. Weka sufuria ndani ya maji ya moto, usiiweke juu ya moto wenyewe. Vitambaa ulivyotumia vianike nje vikiwa vimetandazwa, kwani vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Neno langu la mwisho ni kwa viongozi wa vikundi na wafadhili. Mnapoagiza mizinga, andikeni kwenye mkataba aina ya rangi na sehemu ya kupakwa. Tusiipokee mizinga kwa kuangalia inavyopendeza kwenye picha ya makabidhiano. Asali ya Tabora inasifiwa kwa sababu inatoka kwenye miombo isiyo na dawa za mashambani. Itakuwa aibu tuichafue sisi wenyewe kwa kopo la rangi.

Kama hujui mbao yako ni ya aina gani, mpelekee afisa nyuki wa wilaya yako kipande kabla ya kununua rangi. Kazi njema.