Barua ya wazi: Maji ya Mkuyuni yapite wapi?

Kwako Mheshimiwa,

Najua una majukumu mengi, na barua ya muuza dagaa haiwezi kuwa na haraka mezani pako. Ndiyo maana hii naiandika hadharani, isije ikalala masjala pamoja na wenzake. Sitataja jina la ofisi yako, wala la kampuni ya washauri waliokuandalia kitabu cha tathmini ya mazingira, wala la mkandarasi mdogo aliyemwaga kifusi kwenye mkondo wetu. Mnajijua. Nikianza kutaja majina tutabishana kuhusu majina, na mimi nataka tuzungumze maji.

Kabla sijaitwa mpinga maendeleo, niliweke sawa hili: reli naitaka. Tangu Rais Samia alipoweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, Juni 2021, pale Misungwi, hakuna mfanyabiashara wa kanda hii ambaye hajapiga hesabu zake upya. Kilomita 341, pamoja na njia za kupishania, si mchezo. Dagaa ninaowanunua mwalo wa Kirumba huondoka kwa malori, na nauli ya lori ndiyo inayokula faida yangu yote. Mwaka 2024 watu wa Dar es Salaam walipoanza kwenda Dodoma kwa treni ya umeme na kurudi siku hiyo hiyo, nilisema Mungu atupe uhai, zamu yetu itafika. Kwa hiyo usinielewe vibaya. Ninachokuandikia si kuhusu kama reli ije au isije. Nakuuliza swali ambalo lilipaswa kujibiwa kabla ya tingatinga la kwanza kuwashwa: maji yapite wapi?

Mwanza unaijua, sina haja ya kukueleza kuhusu miamba. Mvua ikinyesha juu ya jiwe haizami, inateremka. Inateremka kwenye mapaa ya nyumba zilizobanana kilimani, inashuka kwenye vichochoro, inabeba mchanga, chupa, nepi na masufuria, inaingia mkondoni na kukimbilia ziwani. Mlima upo juu, ziwa lipo chini, sisi tupo katikati. Basi chochote kinachojengwa kwa urefu kati ya mlima na ziwa ni ukuta wa bwawa, hata kama kwenye ramani yako kimeandikwa tuta la reli, au barabara ya muda ya malori ya kokoto.

Yetu ilikuwa hiyo ya mwisho. Barabara ya muda. Waliishindilia moramu kukatisha mkondo, wakaweka mabomba mawili ya zege chini yake, membamba kiasi kwamba mbuzi akiingia lazima ainamishe kichwa. Wananzengo tuliyaona siku yanashushwa. Mzee mmoja jirani, aliyezeeka akiutazama mkondo ule, alimfuata msimamizi na kumwonyesha alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba yake, juu ya usawa wa kiuno. Akajibiwa kwamba vipimo vimekwisha kupitishwa. Na nani? Na ofisi yako, Mheshimiwa.

Masika ilipoanza maji hayakupita. Hapa ndipo ningeomba usome taratibu. Usiku ule mabomba yalizibwa na takataka mapema tu, na maji yaliyokuwa yakishuka bondeni miaka yote bila kuomba kibali cha mtu yakarudi nyuma, yakatafuta mlango, na mlango yaliouona ni wa stoo yangu. Magunia yalikuwa juu ya chaga, kama inavyotakiwa. Maji yalipanda chaga. Dagaa mkavu akinywa maji huvimba. Gunia la chini linakaza, mshono unaanza kuachia uzi mmoja mmoja, kisha linapasuka na kumwaga uji wa rangi ya fedha uliochanganyika na tope. Kulipokucha tulikuwa tunawazoa kwa sepetu. Tulijaribu kuwaanika tena, jua lenyewe la masika unalijua. Siku zilizofuata walibadilika rangi wakawa njano, wakaanza kunuka, wakaingia funza. Waliobaki nikawauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ambayo naona aibu kuiandika.

Mtaji ule haukuwa wangu wote. Sehemu ilikuwa ya kikoba, na sehemu ilikuwa ya wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, ambao hawana fomu ya kusamehe mafuriko. Walichukua friji, wakachukua na pikipiki ya mwanangu. Nilipokwenda kuuliza kuhusu fidia nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba mimi simo kwenye orodha ya walioathirika, kwa sababu nyumba yangu haiguswi na mradi. Ni kweli, Mheshimiwa. Mradi haukuigusa. Yaliyoigusa ni maji.

Nikaenda kukitafuta hicho kitabu cha tathmini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza, na reli imo miongoni mwa miradi ambayo tathmini yake ni lazima. Kanuni za mwaka 2005 zinataka wananchi waulizwe maoni, na zinataka uwepo muhtasari ulioandikwa kwa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili hata sisi wa mwaloni tusome. Nilichoonyeshwa, baada ya kuzungushwa kutoka kata hadi wilayani na kurudishwa kata, ni nakala moja ya Kiingereza iliyofungwa kabatini, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyekwenda semina. Mwanangu wa chuo ndiye aliyenisomea. Ukurasa wa maji ya mvua ulikuwa mmoja. Ulisema athari ni ndogo, ni za muda, na zitadhibitiwa kwa makalavati. Mkondo wetu haukutajwa. Kwenye karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa wananchi niliyaona majina ya watu wa mitaa ambayo maji yake hayapiti kwetu kabisa, kila mmoja na sahihi yake, na mbele ya sahihi safu ya posho.

Nadhani wale washauri hawakuwa na nia mbaya. Walikuja kiangazi. Mkondo wa Mkuyuni wakati wa kiangazi unauruka bila kupandisha sketi. Lakini nani kakuzuia wewe, mwenye muhuri, kuwauliza: mmekuja hapa mwezi gani?

Kuna jambo lingine la maji ambalo silioni kwenye kitabu chenu, na hili linahusu reli yenyewe itakayokaa miaka mingi, halina uhusiano na ile barabara ya muda. Ziwa halikai mahali pamoja. Mei 2020 lilipanda likavunja rekodi ya mwaka 1964, na 2024 likapanda tena mpaka huko. Tuliokaa kandokando tuliona mialo ikimezwa, vyoo vikifurika, watu wakihama. Sasa kalavati lililopimwa ziwa likiwa chini, mdomo wake wa kutokea ukizama siku ziwa likiwa juu, linasaidia nini? Maji ya mlimani yanafika yanakuta maji ya ziwani yamekwisha keti mlangoni. Mhandisi anaweza kulipigia hesabu hilo, si uchawi. Nchi iliyosimamisha daraja la kilomita 3 juu ya ziwa hili hili, kutoka Kigongo hadi Busisi, likafunguliwa Juni 2025, haiwezi kushindwa na mkondo wa Mkuyuni. Imeshindwa kuuliza tu.

Na usiniambie haya ni ya wanawake wa mtaani kulalamika. Pale Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalijengewa karakana Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo hata jina linakuambia lilikuwa eneo la wazi na mtu yeyote wa Kariakoo angekuambia hujaa maji. Mvua zikaja, mabasi yakalowa, barabara ikafungwa tena na tena, na sasa nchi imebeba mkopo wa Benki ya Dunia kulirekebisha bonde lile na kuinua daraja jipya. Reli ya kati ya zamani nayo inajua: kati ya Kilosa na Gulwe mafuriko yameibomoa mara nyingi, na ya mwishoni mwa 2009 yalisimamisha safari kwa miezi. Maji yakinyimwa njia hayachagui kati ya stoo ya mama muuza dagaa na tuta lililojengwa kwa matrilioni. Kwangu yalianza kwa sababu mlango wangu ni mwepesi.

Mengine nayataja kwa kuwa majirani wameniomba. Baruti za kupasulia mawe zimeacha nyufa kwenye kuta, na anayelalamika anaambiwa alete picha za ukuta kabla haujapasuka. Vumbi la moramu linawakohoza watoto. Mafunjo yaliyokuwa yakichuja tope kabla halijafika ziwani yamefukiwa, na huko Butimba ndiko kuna chanzo kipya cha maji ya kunywa cha jiji, lita milioni 48 kwa siku. Sijui ni nani aliyeziweka karatasi hizo mbili, ya tope na ya maji ya kunywa, kwenye meza moja akazisoma pamoja. Sheria inayotukataza sisi kujenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani tunakumbushwa kila mwaka kwa rangi nyekundu ukutani. Kifusi cha mkandarasi hakijawahi kupigwa alama ya X.

Ninachokidai hakihitaji tume. Yale mabomba yang'olewe na pajengwe kivuko chenye upana wa mkondo kama ulivyo mwezi wa nne, kabla mvua nyingine haijafika. Ukurasa ule mmoja uandikwe upya, kila mkondo kutoka Igogo hadi Mkolani utajwe kwa jina tunaloliita sisi, na mbele yake iandikwe maji yake yatapita wapi ziwa likiwa juu. Wanaoandika wakatembee na wazee wenye alama kwenye kuta zao, na watembee siku ya mvua, wavae mabuti. Muhtasari wa Kiswahili ubandikwe ubaoni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, si kufungiwa kabati. Na aliyepoteza mali kwa maji yaliyozuiwa na mradi ahesabiwe kuwa ameathirika na mradi, hata kama hakuna tingatinga lililomgusa ukuta.

Hilo la mwisho najua litakukera, kwa kuwa linafungua mlango mpana. Ufunguke. Kwa sasa mwenye mradi ndiye anayemtafuta mtaalamu wa tathmini na ndiye anayemlipa, kisha wewe unasoma alichoandika mtu aliyelipwa na anayekaguliwa, unagonga muhuri, na cheti kinaning'inizwa ukutani. Tangu hapo maji yakikataa kufuata cheti, kosa ni la maji. Nimeshuhudia hilo kwenye reli, na wenzangu wa masoko na stendi wanasema kwao ni vile vile. Tathmini imekuwa kama kadi ya kliniki inayogongwa tarehe bila mama kupimwa. Mnatuambia mradi umefuata taratibu zote, nasi tunaamini. Taratibu mlizifuata, mkondo hamkuufuata.

Kama utaamua kuja, usije asubuhi yenye jua ukiwa na msafara na ngoma. Njoo Aprili, mvua ikiwa imeanza, simama juu ya ile barabara ya muda na uyaangalie mabomba yenyewe. Nitakukopesha mwavuli, ninao. Ni miongoni mwa vitu ambavyo kausha damu hawakuvihitaji. Kisha uniambie, mbele ya majirani, maji haya yapite wapi.

Nasubiri majibu kwa maandishi, kwa Kiswahili.

Muuza dagaa, Mkuyuni, Mwanza

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa, aibandike ubaoni, maana nafasi ipo, muhtasari wenu haujafika.