Udi wa Juu ya Kabati

Arobaini imekwisha, wageni wamerudi Pemba na Dar es Salaam, na waliobaki nyumbani wameanza kugawa vitu vya marehemu. Kanzu zimeshapata wenyewe. Saa ya mkononi kachukua mjukuu mkubwa. Hata redio mbovu imepata wa kuitaka. Juu ya kabati, ndani ya mfuko ulioshonwa kwa kanga kuukuu, umo udi. Mtoto wa marehemu anaushusha, anaupangusa vumbi, anawauliza waliomo chumbani: "Na hili dude tulifanye nini?" Kimya. Udi unarudi juu ya kabati.

Nimeyaona hayo katika nyumba tatu za jamaa na marafiki, Unguja na Mombasa, na kila mara nimetoka na uchungu. Kwa hiyo leo nasema na ndugu zangu wenye nyumba kama hizo. Uzeni udi huo. Uuzeni kwa mtu atakayeupiga, kwa bei ya haki na maneno ya kweli, kabla kabati halijaumaliza.

Nasema kuumaliza kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Udi huundwa kama jahazi. Tumbo lake ni vipande vyembamba vya mbao, aghalabu kati ya 15 na 25, vilivyopindwa kwa moto kimoja kimoja na kuungwa ubavu kwa ubavu. Uso wake ni ubao mwepesi wa unene wa milimita mbili hivi, na kwa ndani ubao huo umetiwa mataruma madogo ya kuushikilia. Vyote hivyo vinashikwa na gundi, na mafundi wa zamani walitumia gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo hulainika kwa joto na unyevu. Kwa fundi hiyo ni neema, maana anaweza kuufungua udi kwa kisu chembamba na maji ya moto, akautibu, akaufunga tena. Lakini utie udi huo huo katika chumba cha bati, kaskazi ikiwaka nje, kisha masika yaje na unyevu wake, na nyuzi zote 11 bado zimekazwa vile vile alivyoziacha mwenyewe usiku alioupiga kwa mara ya mwisho. Nyuzi hazilali. Zinavuta usiku na mchana. Baada ya miaka michache shingo imekuja mbele, uso umefura, nyuzi zimepaa hata kidole hakiwezi kuzikandamiza. Wadudu wakishaingia na kuubungua, fundi atakwambia pole tu.

Basi hata kabla hujaamua kuuza, fanya hili: legeza nyuzi. Usizitoe, zilegeze tu, kila kigingi mzunguko mmoja au miwili. Kisha uondoe udi chini ya bati, uuweke penye kivuli na hewa, mbali na dirisha la jua.

Vyombo hivi havikutufikia kirahisi. Husimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka mwanamuziki Mohamed Ibrahim mpaka Misri kujifunza kupiga kanuni. Kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kilipoundwa mwaka 1905, vyombo vyake viliagizwa huko huko Misri. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wapigaji wake walivuka bahari mpaka Bombay kutia nyimbo zao katika santuri. Udi wa babu yako nao una safari yake: uliagizwa, au uliletwa na baharia, au mzee mmoja alimuuzia mwenzake barazani kahawa ikinywewa. Huenda babu mwenyewe aliununua ukiwa umeshatumika. Kuuza ni kuuendeleza katika safari ile ile.

Na wa kuupokea wapo. Tangu mwaka 2002 vijana wanafundishwa udi, kanuni na fidla pale Dhow Countries Music Academy, Zanzibar, na wengine wanajifunza majumbani kwa wazee wao. Tatizo lao si kipaji, ni chombo. Mtaani kwetu kuna binti anayeazimwa udi siku mbili kwa wiki. Siku zilizobaki anafanya mazoezi kwenye kipande cha ubao. Amekichora nyuzi kwa kalamu, jozi tano na uzi mmoja wa besi, na juu yake vidole vyake vya kushoto vinapanda na kushuka huku sauti akiitoa mwenyewe kwa mdomo. Nimekaa naye kibarazani nikimtazama. Nyumba ya nne kutoka kwao kuna udi juu ya kabati.

Sasa nizungumze na wanaouza, maana uuzaji wenyewe una mambo yake, na mimi nimeshaumia.

Miaka kadhaa nyuma niliuziwa udi uliopakwa vanishi mpya, unang'aa kama kioo. Niliupenda, sikuuliza mengi. Wiki ya pili, nilipokuwa nikikaza nyuzi, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi usoni kiling'oka, na kikachomoka na sehemu ya uso wenyewe. Chini yake mlikuwa mna supagluu iliyokauka. Fundi aliugeuza mara mbili, akauweka chini taratibu, akasema: "Huyu wamemtibu kwa sumu." Supagluu haifunguki kwa maji ya moto. Ukitaka kuitoa, inatoka na mbao. Aliyeniuzia alijua, akanyamaza, na kile kimya chake ndicho kilichouua ule udi.

Kwa hiyo ndugu yangu muuzaji, sema. Ufa upo? Uoneshe. Ulitengenezwa na seremala wa makabati? Sema hivyo hivyo. Udi wenye ufa uliosemwa unanunulika na unatibika. Usiupake rangi, usiusugue kwa msasa, na kile kijikaratasi kilichobandikwa ndani, unachokiona ukichungulia tundu la usoni, usikibandue. Ndicho chenye jina la fundi, mji wake na mwaka. Yapo majina yanayothaminiwa dunia nzima, kama ukoo wa Nahat wa Damascus, Manol wa Istanbul na Mohammed Fadel wa Baghdad. Lakini nawe mnunuzi usilewe na jina, kwa sababu karatasi za bandia zimekuwa zikibandikwa ndani ya udi za kawaida. Amini mbao na masikio yako.

Ukienda kununua, nenda mchana. Funga jicho moja, utazame udi kutoka kwenye vigingi kuelekea tumboni kama seremala anavyopima ubao, uone kama shingo imenyooka. Gonga uso polepole kwa kifundo cha kidole, sehemu moja baada ya nyingine. Ukisikia mtetemo kama wa njuga, jua kuna taruma limeachia. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Kisha kaza nyuzi, piga, ukae nao nusu saa. Muuzaji mkweli atakuongezea kikombe cha chai.

Kuna dhuluma moja niitaje waziwazi. Mpigaji anamkuta mjane hajui alichonacho, anamwambia "Bi mkubwa, hii mbovu tu," anampa bei ya mkaa, anatoka na udi ambao anajua thamani yake. Huyo asijisifu kwamba kaokoa chombo. Nanyi warithi, msitaje bei kabla hamjamwita mtu wa pili anayepiga, asiyetaka kuununua, auangalie. Mnunuzi akiwa mwanafunzi, mpeni nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Andikianeni mbele ya mashahidi wawili, kila mmoja abaki na karatasi yake. Bei ikizidiana kidogo, ningemchagua mwenye vidole kuliko mwenye pesa. Mwenye hoteli anayetaka kuutundika ukutani juu ya meza ya mapokezi atakulipa vizuri, ni kweli, lakini ataurudisha kule kule ulikotoka: juu, kimya, nyuzi zimekazwa.

Wapo pia wanaosita kwa sababu ya dini, hawataki kula pesa ya ala ya muziki. Siwabishii, hiyo ni imani yao. Nawaomba jambo moja tu: msiuvunje, msiutupe jaani. Mpeni anayejifunza, bure, mmalizane nao kwa heri.

Kwa wanaouza nje ya nchi, angalieni kile kibamba chenye madoa usoni, mahali risha ya kupigia inapopita. Kwenye udi za zamani baadhi yake ni gamba la ng'amba, na mapambo meupe pengine ni pembe ya ndovu. Mkataba wa kimataifa wa CITES umezuia biashara ya vitu hivyo kutoka nchi moja hadi nyingine, na afisa wa forodha hatajali kwamba ulikuwa wa babu yako.

Na mafundi seremala, wenye mikono mizuri ya milango na makabati, nawaombeni: mkiletewa udi, msitie msumari, msitie supagluu. Mpelekeni mteja kwa fundi wa vyombo, na kama hayuko karibu, mwambieni asubiri. Udi unaweza kusubiri mwaka mzima nyuzi zikiwa zimelegezwa.

Basi leo jioni, wewe unayejua kwamba upo, panda kiti uushushe. Ufungue mfuko, ulegeze nyuzi, umulike ndani usome jina lililomo. Kisha mpigie simu mtu mmoja unayemjua anapiga, umwambie aje auone. Yule binti wa mtaani kwetu, mpaka naandika haya, bado anapiga ubao.