Filamu za Kesho Zinazotengenezwa Nyuma ya Jikoni



Juma hili tuongee juu ya jambo ambalo watoto wetu wanalifanya tayari nyuma ya jikoni, wakati sisi tunafikiri wanacheza tu. Wanaazima telefone ya mama, wanachukua video. Mmoja ni daktari wa mwaka 2071, mwingine ni mashini inayosema, na sufuria iliyotoboka imekuwa kofia ya kwenda mwezini. Sasa wanataka kuziweka video hizo kwenye intaneti, sehemu kwa sehemu, kama zile filamu za mfululizo tunazotazama jioni. Wamama kadhaa wameniuliza: «Mwalimu, hiyo ni kazi ao ni kupoteza wakati? Niwakataze?»

Jibu langu ni kwamba tusiwakataze, ila tuwasindikize. Na wasichana wawe ndani tangu siku ya kwanza, si siku ya kupika chakula cha wachezaji.

Kwanza tuelewane hizo ni hadithi za namna gani. Si hadithi za wachawi wala za majini. Ni hadithi za kubuni zinazosimama juu ya sayansi. Mtungaji anachukua kitu kimoja ambacho elimu imekifungua, ao inaweza kukifungua kesho, kisha anauliza: kitu hiki kitatufanyia nini sisi watu, nyumba zetu, mashamba yetu? Bibi zetu walianza hadithi kwa kusema hapo zamani za kale. Watoto hawa wanaanza upande wa pili, kwa siku ambazo hazijafika.

Wengine wametangulia, tena karibu na sisi. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, mama wa Kenya, alitengeneza filamu fupi ya dakika 20 hivi inayoitwa Pumzi. Ndani yake vita ya maji imekwisha kuharibu dunia, watu wanaishi wamefungiwa ndani, na hata jasho lao linasafishwa kusudi walinywe tena. Msichana mmoja, Asha, anapata udongo ambao bado una uhai, anaweka mbegu ndani yake, inachipuka. Wakubwa wanamkataza kutoka, naye anatoka kwenda kuipanda. Mwaka 2010 filamu hiyo ilionyeshwa kwenye tamasha kubwa la Sundance, Marekani. Mnaona kwamba hakuna vita ya nyota pale. Kuna maji, udongo na mbegu, vitu ambavyo mwanamke wa Nyangwe anavijua kuliko mtu wa mjini.

Kule kule Nairobi, mwanzo wa miaka ya 2010, mwalimu Mfaransa, Marc Rigaudis, pamoja na wanafunzi wake wa chuo kikuu, walianza filamu ya mfululizo inayoitwa Usoni. Waligeuza mambo tunayoyasikia kila siku: katika miaka ya 2060 Ulaya imeharibika, jua halionekani, na Wazungu ndio wanaokimbia kutafuta maisha Afrika. Swali dogo tu, «ingekuwa kinyume?», likawa hadithi nzima.

Halafu kuna Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyochukuliwa Rwanda. Ni hadithi ya mchimbaji wa koltani na vijana wanaojenga kijiji chao kwa vipande vya kompyuta zilizokufa. Nguo za wachezaji zilishonwa na Cedric Mizero kwa takataka za mashini, nyaya na vifaa vya kompyuta. Kwetu hapa Kinshasa pia, tangu mwaka 2013, kikundi cha Kongo Astronauts kinatembeza barabarani mtu aliyevaa nguo ya mwanaanga iliyotengenezwa kwa mabaki ya namna hiyo. Sisi wa Maniema tunaona madini yakipita kwenye magunia, yakienda kuwa telefone mbali, kisha telefone inarudi kwetu ikiwa imechoka, inakufa, tunaitupa. Nani ana haki kuliko sisi ya kusimulia safari hiyo?

Mtaniambia: Mwalimu, hao wana feza. Ni kweli, Pumzi ilisaidiwa na mashirika ya nje. Lakini tazameni Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Kampala. Isaac Nabwana, aliyekuwa akifyatua matofali, alianzisha pale kampuni yake ya filamu mwaka 2005. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipande. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex, inasemekana ilimgharimu dola zisizozidi 200. Silaha zake zilikuwa za vyuma chakavu. Ile si filamu ya sayansi, ni ya mapigano, na mapigano mimi siwaombei watoto wetu. Lakini ilipofika kwenye YouTube ilitazamwa na mamilioni, kwa sababu watu waliona majirani wanaofanya kazi kwa furaha, bila kuficha umaskini wao. Tena filamu hiyo ilikaribia kupotea kabisa: kompyuta ilijaa, Nabwana akaifuta kusudi apate nafasi ya kazi nyingine, ikabaki nakala ya DVD tu.

Basi kazi yenyewe inakwendaje? Nimewaeleza wanafunzi wangu hivi.

Kwanza, andikeni kabla ya kushika telefone. Sehemu moja iwe ya dakika tano, yenye swali moja na watu watatu ao wanne. Andikeni maneno ya kila mtu kwenye daftari, na sehemu tatu za kwanza ziwe tayari kabla ya kuanza kuchukua hata moja. Vikundi vingi vinaanza kwa moto na kufa kwenye sehemu ya pili, kwa sababu hawakujua hadithi inakwenda wapi.

Pili, sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiyosikika hayavumilii. Chukueni mbali na grupu ya umeme na mashini ya kusaga, tena si wakati mvua inapiga mabati. Telefone ya pili iwekwe karibu na mdomo wa msemaji, ifichwe ndani ya nguo, ichukue sauti peke yake.

Tatu, mwanga. Jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ao la saa kumi na moja jioni, ni taa ya bure. Saa sita mchana macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi.

Inne, uzito. Dakika moja ya video safi inaweza kula mega 100 hivi. Kwa hiyo mpunguze ukubwa wake kabla ya kuituma, na mngoje mtu anayekwenda Kasongo aipandishe kwenye intaneti ya mjini. Hapa kijijini igaweni kwa kadi, kutoka telefone mpaka telefone. Wa Nyangwe waione mbele ya watu wa mbali. Na kila sehemu iwe na nakala mbili, katika nyumba mbili. Kumbukeni Kampala.

Tano, muziki. Msichukue wimbo wa mwanamuziki mkubwa na kuuweka chini ya picha zenu. Si haki yenu, na YouTube yenyewe inaweza kuizuia video. Tuna ngoma, na tuna wamama wanaojua kuimba.

Nao wasidanganyike juu ya feza. YouTube inadai wafuatiliaji 1000 na saa 4000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuanza kugawa feza za matangazo. Kikundi kipya hakifiki pale upesi. Faida ya kwanza ni nyingine: mtoto aliyeandika maneno ya watu wanne, akapanga kazi ya watu kumi, akamaliza alichoanza, huyo amejifunza jambo ambalo ubao wangu peke yake haufundishi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika somo la historia nilieleza habari za soko letu. Tarehe 15 Julai 1871, watu karibu 1500, wengi wao wanawake, walikuwa sokoni Nyangwe wakati watu wa wafanya-biashara ya watumwa walipofyatua bunduki. Wengi walikimbilia mitumbwi, mto ukawachukua. Hesabu ya waliokufa iliyotolewa wakati ule ilikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikuwa hapa. Karatasi zilikuwa zimemwishia, wino pia, akaandika juu ya gazeti la zamani kwa maji ya matunda. Maandiko hayo yalififia mpaka hayakusomeka tena. Ndipo mwaka 2011 wataalamu wakayamulika kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile ambayo jicho halioni, na maneno yakarudi. Leo yanasomwa bure kwenye intaneti.

Msichana mmoja akainua mkono. «Mwalimu, kama mwanga unaweza kurudisha wino uliopotea, siku moja hauwezi kurudisha sauti zilizopotea?» Kalasi ikanyamaza. Kisha wakaanza kuongea wote pamoja, na kabla ya kengele hadithi ilikuwa imesimama: Julai 2071, miaka 200 kamili. Binti wa Nyangwe anatengeneza mashini ya kusikiliza maji ya Lualaba. Ndani ya maji anasikia wanawake wanaotaja bei ya samaki, chumvi na vyungu, wanaitana kwa majina yao. Ana siku saba za kuandika majina mengi kadiri anavyoweza, kabla mashini haijakufa.

Wamama, katika daftari la Livingstone wale wanawake hawana majina. Watoto wetu wanataka kuwapa. Yatakuwa majina ya kubuni, ndiyo, na sherti filamu iseme hivyo wazi kusudi mtu asichanganye hadithi na historia. Lakini hiyo ndiyo kazi ya hadithi za namna hii, kutumia mashini ambayo haipo kusudi tuone jambo ambalo lipo.

Kuna hatari pia, nisizifiche. Jimbo letu limeona vita, na mtu aliyebeba bunduki ya mti mbele ya kamera anaweza kuleta matata ya kweli. Kwa hiyo hakuna silaha za mchezo, hakuna nguo za askari, na chifu pamoja na wakubwa wa kijiji wajulishwe kabla ya kila siku ya kuchukua picha nje. Hakuna uso wa mtoto utakaokwenda kwenye intaneti bila mzazi kukubali kwa mdomo wake, baada ya kuiona video. Jina la masomo na la nyumba ya mtoto visitajwe. Anayesoma ujumbe wa watazamaji awe mtu mzima, na matusi yafutwe kabla watoto hawajayaona.

Na jambo la mwisho ni wasichana wenyewe. Katika kikundi hiki walioandika hadithi ni wasichana watano. Lakini Jumamosi iliyopita, siku ya mazoezi, walikuja wawili. Wengine walikuwa kwenye maji, kwenye kuni, kwenye kutwanga. Wavulana walikuja wote. Ikiendelea hivi, hadithi ya wanawake wa soko itachezwa na wavulana waliovaa vitenge.

Kwa hiyo ninaleta maombi matatu kwenye mkutano wetu wa juma lijalo. Telefone ya chama yenye kamera nzuri iazimwe kwa kikundi Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi na moja, mama mmoja akiwa pale. Watie moto telefone zao kwa pano ya jua ya chama, bila malipo, kwa miezi mitatu. Na kila nyumba yenye msichana katika kikundi imwachilie saa hizo tatu, kazi yake ishikwe na kaka yake. Ombi hilo la tatu halidai hata franka moja, na najua ndilo litakaloleta maneno mengi. Njooni tuongee.