Mashine ya Kadi: Hesabu Kwanza, Sahihi Baadaye

Ni jambo linalojulikana katika kila kambi kwamba askari akikaribia kustaafu huzungukwa na marafiki wapya. Yupo wa kumwuzia kiwanja, yupo wa kumshauri anunue gari la abiria, na siku hizi yupo pia kijana nadhifu mwenye mkoba, aliyetumwa kumshawishi aweke katika duka lake jipya mashine ya kupokea malipo ya kadi za benki. Kijana huyo hatumlaumu, maana anafanya kazi aliyopewa. Lakini kiinua mgongo cha askari hulipwa mara moja tu katika maisha yake, na kikiisha hakuna bohari ya kwenda kuomba kingine. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa faida ya wale wanaojiandaa kuvua sare, na pia kwa faida ya wake na waume wa askari wanaoendesha biashara ndogo ndogo karibu na makambi yetu.

Tuanze na mambo tuliyoyaona wenyewe katika mji wa Jinja, mji wenye kambi ya jeshi na pia wenye chanzo cha Mto Nile, ambacho huwavuta wageni kutoka nchi nyingi. Sajini mmoja mstaafu amefungua duka karibu na kambi. Anauza sukari, unga, sabuni, mafuta ya taa na vocha za simu. Alikubali mashine ya kadi kwa kuwa aliambiwa kwamba duka la kisasa halikosi mashine, akatia sahihi mkataba wa miaka mitatu ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Wateja wake ni askari na majirani, na wengi wao hununua vitu vya shilingi elfu mbili, elfu tano, kisha hulipa kwa noti au kwa simu. Mashine hutumika mara chache kwa mwezi, lakini kodi yake hukatwa kila mwezi bila kukosa. Alipotusindikiza hadi mlangoni alituambia, "Afande, kile kidude hakifanyi kazi, lakini kinakula kuliko watoto wangu."

Katika mji huohuo, upande wa mtoni, inspekta mmoja mstaafu wa polisi ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Yeye pia aliletewa mashine, akasita, akasema atafikiri. Kwa muda wa miezi miwili aliandika katika daftari kila mgeni aliyeuliza kama kadi inapokewa, na kila aliyeondoka baada ya kujibiwa kwamba haipokewi. Alipoona wanaoondoka ni wengi, alikwenda benki tatu, akalinganisha masharti, ndipo akachagua. Mashine yake leo inamlisha.

Ndugu wasomaji, wazee hawa wawili wote ni watu wenye akili na nidhamu. Tofauti yao ni kwamba mmoja alifanya upelelezi kabla ya kusonga mbele, na mwingine alisonga mbele kwanza. Kadi ya benki haiwi njema wala mbaya kwa yenyewe. Mteja wako ndiye anayeamua kama inakufaa.

Ili tuelewe gharama zinatoka wapi, yafaa tujue kadi inavyofanya kazi. Biashara hii si mpya. Kadi ya Diners Club ilianza mjini New York mwaka 1950 kwa ajili ya kulipia chakula hotelini, na mwaka 1958 Bank of America iliwagawia wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi ambayo mwaka 1976 ilipata jina la Visa. Tangu wakati huo utaratibu wake haujabadilika sana. Mteja anapoingiza kadi yake katika mashine, habari hupelekwa kwa benki ya mwenye duka, hupita katika mtandao wa kampuni ya kadi, kisha hufika kwa benki iliyompa mteja kadi hiyo, nayo hujibu kama fedha zipo au hazipo. Yote hayo hutendeka kwa sekunde chache. Lakini kila mlango uliopitiwa unadai ujira wake, na ujira huo kwa kawaida hutolewa katika fedha za mwenye duka, siyo za mnunuzi. Serikali za nchi tajiri zimeuona mzigo huo. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria kwamba ujira wa benki iliyotoa kadi usizidi asilimia 0.2 kwa kadi zinazokata fedha katika akaunti moja kwa moja, na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Ikiwa wafanyabiashara wa Ulaya walihitaji kinga ya sheria, sembuse sajini mstaafu mwenye duka la sabuni?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea hesabu. Mtu akisikia kwamba atakatwa asilimia 3 huona ni kidogo, kama senti za njugu. Asahau kwamba asilimia hiyo hukatwa katika mauzo, wala si katika faida. Tuseme duka linapata faida ya shilingi 10,000 katika kila mauzo ya 100,000. Asilimia 3 ya mauzo hayo ni shilingi 3,000, yaani karibu theluthi moja ya faida yote. Sasa tuongeze kodi ya mashine, tuseme shilingi 50,000 kwa mwezi. Ikiwa mauzo ya kadi kwa mwezi ni shilingi 500,000, faida yake ni 50,000. Makato ni 15,000, na kodi ni 50,000, jumla 65,000. Mwenye duka amefanya kazi mwezi mzima, naye amepoteza shilingi 15,000.

Tuigeuze hesabu hiyo kwa yule inspekta. Chumba kikilipiwa shilingi 100,000, na faida yake ikiwa 30,000, makato ya 3,000 yanamwachia 27,000 kabla ya kulipa kodi ya mashine. Mgeni huyo asingelala kwake kama kadi isingepokewa. Kwa hiyo hizo 27,000 angezikosa zote. Kwake yeye wageni wawili tu wa namna hiyo wanatosha kulipa kodi ya mwezi. Kiasi cha makato ni kilekile, lakini wateja na faida si sawa, na matokeo hayafanani kabisa.

Kwa duka lililo karibu na kambi, njia iliyo karibu zaidi ni simu. Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya pesa kwa simu nchini mwaka 2009, hata askari aliye kituoni mbali hutuma fedha nyumbani bila kusafiri. Mwenye duka anaweza kupewa namba ya biashara, mteja akalipa moja kwa moja, bila mashine wala kodi ya mwezi. Hata hivyo simu nayo ina makato yake. Tunakumbuka jinsi tarehe 1 Julai 2018 ilivyoanza kodi ya asilimia 1 kwa miamala ya pesa za simu, na jinsi baadaye mwaka huohuo ilivyopunguzwa kuwa nusu ya asilimia na kubaki kwenye kutoa fedha tu. Kwa kiwango hicho, atoaye shilingi 1,000,000 hukatwa kodi ya 5,000, mbali na ada ya kampuni. Kwa hiyo mwenye busara hatoi noti kila jioni ili kesho azipeleke kwa muuza jumla. Humlipa muuza jumla kwa simu ileile, na hutoa kiasi anachokihitaji tu.

Wala tusidhani kwamba noti hazina gharama. Noti huibwa, noti za bandia huingia, na nauli ya kuzipeleka benki ni fedha pia. Tena lipo lile daftari la mkopo, ambalo wateja wengi hulikumbuka wakati wa kuchukua na kulisahau siku ya mshahara. Kila njia ina bei yake, na kazi ya mwenye biashara ni kuijua bei hiyo kabla ya kuichagua njia.

Basi yule kijana mwenye mkoba akija, asifukuzwe. Na akaribishwe kiti, apewe chai, kisha aulizwe maswali. Kwanza, ni asilimia ngapi inayokatwa kwa kadi za hapa nchini, na ni ngapi kwa kadi za kigeni? Mara nyingi viwango hivyo havilingani. Pili, ni ada zipi zinazolipwa hata kama hakuna mteja aliyetumia kadi? Tatu, fedha zinaingia katika akaunti baada ya siku ngapi? Mwenye mtaji mdogo akisubiri siku nyingi, rafu za duka hubaki tupu. Nne, mtandao au umeme ukikatika, nani atakuja kutengeneza, na baada ya muda gani? Tano, mkataba unavunjwa vipi, na kwa gharama gani? Sita, kampuni hiyo ina leseni? Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020 imeipa Benki Kuu ya Uganda mamlaka ya kutoa leseni hizo, na mtu asiyeweza kuonyesha leseni hastahili kuonyeshwa mlango wa duka lako.

Swali la saba ni zito kuliko yote: malipo yakikanwa, nani anabeba hasara? Mwenye kadi anaweza kuiambia benki yake kwamba hakununua kitu hicho, au kwamba hakukipata, na kwa aina nyingi za madai kanuni za kampuni za kadi humpa hadi siku 120. Mwenye duka asipokuwa na ushahidi, fedha hurudishwa kwa mteja, na bidhaa imekwisha kwenda. Kwa hiyo kila karatasi ya mashine, kila risiti na kila jina katika kitabu cha wageni ni silaha ya kujilinda. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo haijazeeka.

Kwa ndugu zetu polisi tungependa kuongeza neno, maana malalamiko ya utapeli huishia mezani kwao. Kanuni za usalama wa kadi zinamkataza mwenye biashara kuzitunza zile tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi baada ya malipo kukubaliwa. Anayeziandika katika daftari la mapokezi, hata kwa nia njema, amewawekea wezi ufunguo mezani. Kadi isiondoke machoni pa mwenyewe, na namba ya siri asiulizwe na mtu yeyote, awe karani au meneja. Kwa upande wa simu, mwenye duka asiamini ujumbe anaoonyeshwa katika simu ya mteja. Atazame salio lake mwenyewe kabla ya kutoa bidhaa. Tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, lakini sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi huanza kwa kuweka kumbukumbu dukani.

Tukimaliza tunayo maombi mawili. La kwanza tunalielekeza kwa makamanda na wakuu wa vituo: mafunzo ya kuwaandaa askari kustaafu yawe na somo la malipo ya biashara, lenye hesabu za kweli ubaoni, na wafundishaji wawe pamoja na wastaafu waliokwisha kupata na kupoteza. La pili tunalielekeza kwa vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Sajini mmoja akienda benki peke yake hupewa karatasi atie sahihi. Wanachama kwa maelfu wakienda kwa sauti moja huulizwa wanataka masharti gani. Vyama hivyo vina nguvu ya kudai makato nafuu, mkataba wa mwaka mmoja badala ya mitatu, na maelezo ya mkataba kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya taifa letu na ambayo askari wetu huifahamu.

Yule sajini wa Jinja bado ana mwaka mmoja na miezi kadhaa ya kulipia mashine isiyomfaa. Analipa kwa uaminifu, kwa sababu alitia sahihi, na askari haruki sahihi yake. Uaminifu huo ni heshima kwa jeshi lililomlea. Lakini ni wajibu wetu sisi tulio bado kazini kuhakikisha kwamba atakayestaafu baada yake hatatia sahihi asichokielewa. Daftari na kalamu havina gharama kubwa. Na tuvitumie miezi miwili kabla ya kumpa mtu yeyote miaka mitatu.